Mizani ya Dhahabu kwenye Meza ya Baruti

Kaka yangu ana tabia moja ninayoichukia kuliko zote: akinunua kitu leo, kesho ni mtaalamu wake. Alinunua fahali kule Ogwedhi, akawa daktari wa mifugo. Alinunua sola, akawa fundi wa umeme, akatuunguzia redio mbili. Kwa hiyo aliponipigia simu kuniambia ameanza kujaza risasi za bastola yake mwenyewe, pale pale nyumbani, nilijua naitwa kwenda kuokota vidole.

"Kujaza risasi ndiyo nini?" nikamuuliza. "Unazitia maji?"

"Wacha mchezo, nyaminwa," akasema. Nyaminwa ni dada yetu kwa Kijaluo, na yeye huniita hivyo akitaka kitu tu. "Ganda likishafyatuliwa halitupwi. Unalisafisha, unatia fataki mpya ya kuwashia, unatia baruti, unabana kichwa kipya juu. Wenzangu wa kulenga shabaha wote wanafanya hivyo. Sasa kitabu chake ni Kizungu kigumu, na wewe ndiwe mwalimu wa kemia."

Wenzake wa kulenga shabaha! Kaka yangu ananunua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo upande wa migodi ya Migori. Bastola alipewa leseni yake kwa sababu hutembea na pesa. Miaka yote hiyo ilikaa kiunoni kimya, mpaka alipokutana na matajiri fulani wanaopiga karatasi kila mwisho wa mwezi na kupigana mabega. Tangu hapo hatukupumua. Kila mlo ni hadithi ya shabaha.

Nilimwambia sikanyagi kwake mpaka nione barua ya ruhusa, maana leseni ya kubeba bastola si leseni ya kutengeneza risasi mezani. Nilitoka Rodi Kopany kule Homa Bay, ninakofundisha, nikiomba Mungu barua isiwepo nigeuze njia. Ilikuwepo. Niliisoma mara mbili nikitafuta kosa, nikainusa karibu, sikuliona. Basi nikakaa.

Ilikuwa Jumapili, siku ya kazi kwetu, kwa kuwa Sabato tulishaimaliza jana yake. Meza aliitandika kwenye chumba anachoita ofisi, mle mle anamonunulia dhahabu. Mama yetu alikuwa amekaa mlangoni kwenye mkeka akibambua njugu. Mama anaishi kwenye boma la kaka, ana nyumba yake ndogo pembeni, na hadi leo, na magoti yake hayo mabovu, anaosha mchanga wa dhahabu kwenye karai mtoni. Kidogo anachopata anamuuzia kaka, na hajawahi kumuuzia mtu mwingine.

Nikafungua kitabu. Kurasa za kwanza zote ni za kukuogopesha, na ni haki yake. Nilimsomea kwa sauti ya darasani, na kila alipotaka kuruka nilimrudisha. Meza iwe na baruti ya aina moja tu, nyingine ikae kwenye mkebe wake wa asili kabatini, na jina lake juu. Hakuna sigara, hakuna jiko, hakuna simu, hakuna wageni wa kupiga domo. Vaa miwani. Nawa mikono kabla ya kula, maana madini ya risasi ni sumu. Kila ganda ulimulike na tochi ndani kabla hujalifunga, usije ukalitia baruti mara mbili. Na la mwisho, nililolirudia mpaka Mama akaguna: anza na kipimo cha chini kabisa kwenye jedwali, na kila kipimo ukipime kwa mizani, usikadirie kwa jicho.

"Kwa nini cha chini?" akauliza. "Mimi nataka ipige."

"Kwa sababu baruti ikizidi kidogo tu, bastola inapasukia mkononi. Unataka kula ugali na mkono wa kushoto?"

"Wewe unapenda kutisha watu."

"Na wewe unapenda kuzika watu."

Sanduku la vifaa lilikuwa na mizani yake, kijiti kidogo cha kulinganisha, hakina betri, na jiwe dogo la kukihakikishia. Tulijaza risasi kumi siku hiyo, za kipimo cha chini. Alipima baruti kama anayemlisha kifaranga, na nikiwa mkweli, mikono yake ilikuwa mitulivu kuliko yangu. Nilirudi Rodi nikiwa nimekasirika kwa sababu sikuwa na la kukasirikia.

Wiki mbili baadaye nikapita tena, nikitokea mazishini. Nikamkuta ofisini, kifua mbele. Mezani kulikuwa na kijisanduku cha plastiki chenye risasi hamsini, zimepangwa zinang'aa.

"Kesho naenda kuwaonyesha," akasema. "Hizi ni moto."

"Moto kivipi?"

"Zile zako kumi zilikuwa uji. Nimepanda hadi mstari wa juu wa jedwali."

"Mstari wa juu! Mara ya pili tu!"

"Uko kwenye kitabu, si nimeutoa kwangu. Hawangeandika kama hauruhusiwi."

Nilihesabu hadi tano moyoni, jinsi ninavyofanya na Kidato cha Pili. Mstari wa juu ni wa juu, lakini bado uko ndani ya mpaka, mradi umepimwa sawasawa. Nikauliza iko wapi mizani ya kijiti. Akasema ilianguka, kijiti kikapinda, si kitu. Alikuwa ametumia mizani yake mwenyewe. Akaisogeza mbele yangu kwa kidole, nayo ilikuwa ile mizani ya dijitali anayopimia dhahabu.

Nikakifunika kile kijisanduku cha risasi kwa kiganja. Wacha niseme wazi kwa nini. Mizani ya namna hiyo hufundishwa uzito: unaiwekea jiwe la kiasi fulani, unabonyeza, inakariri. Sasa ukiweka juu ya jiwe lile kitu kingine kidogo bila kuiambia, kuanzia hapo mizani inameza. Kila utakachoipa, itakwambia pungufu. Mchimbaji analeta dhahabu yake, inasoma kidogo, analipwa kidogo. Nilijua mizani ya kaka inameza kwa sababu alinionyesha mwenyewe, nikiwa chuo na yeye ndiye akinilipia karo. Alinionyesha akicheka. Nami nilicheka.

Lakini baruti haijui biashara. Mizani inayomeza, ukitaka isome kiasi fulani cha baruti, itabidi uongeze baruti mpaka ishibe. Huyu mjinga alikuwa amepanda hadi mstari wa juu wa jedwali, halafu akaupita bila kujua, mara hamsini.

"Hizi hupigi," nikasema.

"Ati nini?"

"Hiyo mizani ni mbovu."

Akatupa jicho mlangoni. Mama alikuwa pale pale kwenye mkeka wake, ungo mapajani. "Mizani yangu haina ubovu," akasema polepole. "Haijawahi kulalamikiwa."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ya kweli. Niliona wazi anachofanya. Alikuwa anaijua hatari. Aliielewa dakika ile ile niliyoielewa mimi, niliona rangi ya uso wake ikibadilika. Na bado alikuwa radhi abebe risasi zile kesho, awashe moja baada ya nyingine mkononi mwake, kuliko aseme neno moja mbele ya mamake.

Nikatoka, nikaenda duka la dawa pale barabarani, nikanunua bomba la sindano la mililita kumi. Nikarudi na maji kwenye kikombe. Nikaweka kifuniko kipana cha chupa juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikamimina humo bomba zima la maji.

"Mililita kumi za maji ni gramu kumi," nikasema. "Hata mtoto wa Kidato cha Kwanza anajua. Soma hapo."

Hakusoma. Nikamsomea mimi: gramu tisa na chembe.

"Maji ya hapa ni mepesi," akasema.

"Maji ya hapa ni mepesi! Sikia aibu, wewe!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu. Unakula kwangu, umesoma kwangu, halafu unakuja na sindano kunipima kama ng'ombe."

Tulirushiana maneno hapo ambayo siyaandiki. Nilimwita jina la mnyama. Akaniita mchawi wa Homa Bay. Na katikati ya zogo hilo, Mama akauliza kitu, kwa sauti ya chini, akarudia tena ndipo tukanyamaza.

"Hiyo ndiyo mizani unayonipimia mimi?"

Kaka akatazama meza. "Mama, iko sawa. Huyu anaongea mambo ya shule."

Mama akaweka ungo chini. Alichukua muda kusimama, akishika mwimo wa mlango, na hakuna aliyemsaidia. "Kama iko sawa," akasema, "chukua moja ya hizo, twende nyuma ya nyumba ukaipige nikiona."

Nilidhani atacheka. Nilidhani atasema Mama, haturuhusiwi kupiga risasi nyumbani, jambo ambalo lilikuwa kweli na lingemtoa pale vizuri. Kaka yangu alifungua sefu, akatoa bastola, akaingiza risasi moja. Akatupita akatoka nje. Kichwa kigumu cha huyo mtu Mungu mwenyewe ndiye anayekijua.

Nyuma ya nyumba kuna lundo la mawe yaliyosagwa, refu kuliko mtu. Akasimama mbele yake, akanyoosha mkono. Nilikimbia nikasimama hatua chache kando yake, nikaogopa kumgusa, nikapiga kelele tu. "Utakatika mkono! Wewe, utakatika mkono! Mama, mwambie ashushe!"

Mama hakumwambia ashushe. Alisimama nyuma yake, mikono mgongoni.

Nilimwona kaka akikaza uso. Nikaona kidole kikiingia. Nilichokifikiria wakati huo, na naona haya kukisema, ni kwamba yeye angefanya kweli, kwamba huyu mtu angeacha vidole vyake kwenye lundo la mawe ili mamake asimwite mwizi. Nikafumba macho. Nilisubiri mlio. Nilisikia kuku, na jirani akisaga kitu.

Nilipofumbua, mkono wake ulikuwa bado umenyooka. Akaushusha. Akatoa risasi kwenye bastola, akaishika kiganjani.

"Imezidi," akasema.

"Nini imezidi?" Mama akauliza.

"Baruti."

"Kwa nini imezidi?"

Akakikunja kiganja. "Mizani inameza, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu niinunue."

Mama akageuka akarudi ndani, kwenye mkeka wake. Tukamfuata kama watoto waliovunja chungu. Kaka alifungia bastola kwenye sefu, akaketi mezani, akavaa ile miwani. Kuna nyundo ya plastiki kwenye sanduku lile, ina tundu kichwani: unaingiza risasi mbovu humo, unagonga chini, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika ndani ya nyundo bila kuleta madhara. Ndivyo kitabu kinavyosema zivunjwe, moja moja. Akagonga ya kwanza. Akagonga ya pili. Hakuna aliyemwambia apumzike. Nilimpokonya kila ganda nikalihakikisha liko tupu, nikaikusanya baruti kando, mbali na mkebe wake, maana hiyo hairudishwi. Sikuwa na huruma naye hata chembe. Nilikuwa nafurahi, kusema kweli. Nilikuwa nimeshinda, na nilimsimamia kama ninavyowasimamia watundu wanaofyeka nyasi za shule.

"Gonga vizuri," nikamwambia. "Wachimbaji wote wanakusikia."

Alichukua nyingine. Aligonga.

Mama alikuwa amerudia njugu zake. Anabambua bila kutazama, vidole vyenyewe vinajua, na ncha za vidole hivyo zimepasuka kwa maji na mchanga wa miaka mingi hivi kwamba hashiki sindano. Nilikuwa nimeshika ganda kwenye mwanga wa dirisha aliposema, bila kuinua uso:

"Na wewe ulijua?"

Nilitazama kaka. Nyundo yake ilisimama hewani. Angeweza kusema jambo, angeweza kuniumbua vizuri sana, kunilipa kila tusi nililomtupia mchana ule. Aliishusha nyundo tu mezani.

"Nilijua anawapunja wachimbaji," nikasema. "Mama, haki ya Mungu, sikujua kama na wewe."

Mama akaacha njugu. Akanyoosha mikono yake yote miwili mbele, viganja juu, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Na mimi ni nani?" akauliza.