Kichanja Nilichokipiga Teke

Nakumbuka siku moja ya baridi kali, pale kijijini Ihanda, nilipokipiga teke kichanja changu mwenyewe cha kuanikia kahawa. Usicheke, mwanangu. Mimi unayeniona leo natafuta miwani iliyo kichwani pangu, wakati ule nilikuwa na miguu yenye nguvu na akili fupi.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia vijijini. Mume wangu alikuwa Tunduma, anahangaikia riziki mpakani, nami nimebaki na shamba, mtoto mchanga asiyelala, na binti yangu Neema wa miaka minane. Kahawa ukiichuma leo lazima uimenye leo; ukiilaza, inanuka. Kwa hiyo nilichuma mchana, nikazungusha mashine ya mkono hadi jioni, usiku nikanyonyesha. Kula nilikula nikikumbuka.

Kazi ya Neema ilikuwa kutenga kahawa mbichi na mbivu. Siku hiyo alizichanganya, kosa dogo la mtoto aliyechoka. Kitu kikanipanda kifuani, na kabla sijajitambua nimeshafoka mpaka majirani wametoka, na mguu umeshakifikia kichanja. Kahawa iliyokwisha kuoshwa, yenye siku nne juani, ikamwagika yote kwenye matope. Wala haikuwa hasira yangu ya kwanza. Nilikuwa na methali yangu ya kujitetea: mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Kesho yake asubuhi nilinyoosha mkono kuchukua ungo uliotundikwa ukutani. Neema alikuwa kati yangu na ukuta. Akajikunyata, akaziba uso kwa mikono yote miwili.

"Mama, si mimi," akasema.

Nami sikuwa nimetamka neno! Mwanangu, niliogopa. Kahawa ningechuma nyingine, lakini mtoto akishakuogopa hivyo, utampata wapi tena?

Baba mkwe wangu, aliyekaa nyumba ya jirani, aliyaona yote. Kwa desturi yetu, mke wa mtu na baba mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani, na mzee yule alikuwa wa zamani kwelikweli. Akiwa na neno la kuniambia, alilisema kwa kitu kingine mimi nikisikia. Asubuhi ile alisimama nyuma ya migomba, akamgeukia mbuzi aliyefungwa pale.

"Wewe mbuzi," akasema, "ukimwona mke wa mwanangu, mwambie hasira zake hazikuanzia kwa mtoto. Zilianza alfajiri, alipokwenda shamba na njaa. Nilimwona. Tena mwambie, mume wake kila akija kwangu ananisalimia akiwa mlangoni. Yeye anadhani ni adabu. Si adabu. Tangu utotoni alizoea kukaa karibu na mlango, ili nikifoka awahi kutoka." Akakohoa kidogo. "Sasa nimezeeka, natamani aje akae karibu yangu, na sijui nimwambieje. Mtoto wa mama huyu bado mdogo. Mwambie, udongo uwahi ungali maji."

Mbuzi akaendelea kula. Mimi nikalia palepale, ungo mkononi.

Nilimwita Neema nikapiga magoti mbele yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona mzazi akilifanya. "Mama amekosea," nikamwambia. "Kahawa nimeimwaga mimi, si wewe." Alikuwa anaitazama mikono yangu tu.

Nikameza kiburi, nikaenda kwa wifi yangu. "Wifi, nimeelemewa. Njoo unisaidie kumenya."

"Ulikuwa unangoja ufe kwanza?" akanicheka, lakini alikuja. Nikaanza kunywa uji kabla ya kwenda shamba. Nikajifunza na dalili zangu: meno hukaza, masikio hupata moto. Nikizisikia, naweka chini nilichoshika, nasema nakwenda kisimani. Kuna siku nilirudi na ndoo tatu za maji ambayo hayakuhitajika. Na kuna siku nilishindwa, nikafoka, nikaomba radhi upya.

Msimu uliofuata, nikiwa kwenye kichanja, nilisikia kitu kikipasuka jikoni. Neema akatoka mbio. Alikuwa anakuja kwangu.

"Mama, nimevunja chungu cha mboga," akasema, akanishika kiunoni. Tulikula ugali kwa chumvi siku hiyo, na sijapata kula chakula kitamu kama kile.

Basi mwanangu, hasira ikikupanda ghafla, usimwangukie aliye mbele yako. Jiulize umelala kiasi gani, umekula nini, ni mzigo gani unaubeba peke yako, huzuni gani hujamwambia mtu. Weka chini ulichoshika, ondoka kabla mdomo haujatangulia. Ukikosea, omba radhi, hata kwa mtoto. Na hasira ikikujia kila siku nawe hujui inakotoka, nenda zahanati ukazungumze na mganga, si aibu. Hasira hasara, ndiyo, lakini wahenga hawakusema kwamba haina dawa.

Mungu akupe usingizi wa kutosha na watu wa kukusaidia kazi. Akupe na nyumba ambayo mtoto akivunja kitu, anakuja kukuambia wewe kwanza.