Kigoda cha Kuombea

Habari ilinikuta na blanketi mabegani: baba mkubwa wa mke wangu amefariki huko Kendu Bay. Mke wangu alilia kwa heshima inayotakiwa. Mimi, ambaye hata kutoka nyumbani hadi stendi ya Migori ni safari ya kupangwa wiki nzima, niliteleka chai na kugundua kwamba sina chozi. Wasomaji wangu, nisameheni au msinisamehe. Marehemu angewacheka vyovyote vile.

Huku kwetu ni yeye tu niliyemsikia akisema "kigoda". Sisi wengine husema stuli, au hunyoosha kidole tu. Neno hilo alirudi nalo kutoka Mombasa alikofanya kazi ujanani, pamoja na redio na dharau. Mimi nililikuta kwenye kitabu cha sekondari: kiti kifupi kisicho na mgongo. Kitabu hakikusema kigoda kinamfanyia mtu nini. Sebuleni kwake kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, na mbele ya kiti chake kirefu, kigoda kimoja. Aliyekuja kusalimu aliketi kwenye kochi. Aliyekuja kuomba aliambiwa, "Karibu kigoda," kwa sauti tamu hata akadhani ameheshimiwa.

Nilikikalia nilipokwenda kuposa. Wajomba walikuwa wamenifundisha maneno ya kupunguza ng'ombe. Lakini jamani, magoti yamefika masikioni, suruali ya kuazima inalalamika nyuma, na mzee ananitazama kama anayechungulia kisima. "Sema basi, ora," akaniambia, yaani mkwe. "Ama ng'ombe wamekukwama kooni?" Binamu za mke wangu walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Nilipoinuka nilikuwa nimekubali kila kitu na kuongeza mbuzi ambaye hakuna aliyemtaja. Baadaye alinieleza bila haya: mtu akiketi chini huomba kidogo.

Hayo yangu ni ya kuchekesha. Ya shemeji yake hayachekeshi. Mjane huyo wa mdogo wake alifiwa na binti, mtu mzima ambaye hakuolewa, na kwa desturi ya kwetu msichana wa namna hiyo huzikwa nje ya ua wa boma. Mama alikuja kuomba, nami niko kwenye kochi na kikombe changu.

"Jaduong'," alianza, yaani mzee, "naomba mtoto alale karibu na babake."

"Si hakuolewa, huyo?"

"Basi nyuma ya jiko langu."

"Shemeji, jiko liko ndani ya ua ama nje?"

"Ndani."

"Umejijibu."

Kila ombi lilikuwa dogo kuliko lililotangulia. Mwishowe aliomba tu kaburi lisichimbwe kwenye njia ya ng'ombe. Hilo alipewa, na mzee akangoja ashukuriwe. Akashukuriwa.

Msichana akazikwa nje. Mvua zilipoanza, mama yule alichukua panga, akakata matawi ya ua wake wa minyaa, akayapanda upya ng'ambo ya kaburi. Yaliposhika, akaanza kung'oa ua wa zamani. Mzee alifika na fimbo, mimi na mke wangu nyuma yake kwa kuwa tulikuwa wageni wake.

"Nani amekupa ruhusa?"

Macho ya mama yalikuwa mekundu kwa ule utomvu wa minyaa unaounguza. Hakuacha kazi. "Ulisema azikwe nje ya ua, jaduong'. Si alizikwa? Sasa ongea na minyaa."

Vijana ambao mzee aliwatuma kuung'oa ua mpya walikuwa na shughuli siku hiyo, na kila siku iliyofuata. Kisha akaugua. Kitandani alimuuliza kila mgeni kama ua bado upo, na watu wakamdanganya kwa huruma kwamba umeng'olewa. Mimi, mpole nisiyeua hata mende, niliinama nikamwambia: "Upo, baba. Umefunga kabisa, hata kuku hapiti." Akageukia ukuta. Sijutii.

Nasikia wakilalamika redioni kwamba heshima kwa wazee imekwisha. Huenda. Lakini wengi wetu tumeketi tulipoonyeshwa, tukakata haja zetu vipande vipande mpaka zikabaki za kushukuru tu, tukaiita hiyo adabu. Wasalimuni wazee, kunyweni chai yao. Ila mahali pa kumlaza mwanao usipaombe hata kwenye kochi. Mvua zikianza, chukua panga.