Taa ya Kushoto pale Nyololo

Apolonia Kalinga aliogopa kuingia barabara kuu tangu alipopata leseni, na hakuona aibu kusema. Akitoka Igowole na kirikuu yake, kile kipikapu kidogo cha mizigo, iliyojaa viazi, akifika makutano ya Nyololo alisimama kabisa, akatazama kulia, kushoto, kulia tena, huku bodaboda wakimpigia honi na kumwita mama mchungaji. Waache wapige. Aliyemcheka kuliko wote ni mumewe, Asukile, dereva wa malori ya Zambia, lakini kumfundisha hakuwa na nafasi. Barabarani aliongea na wenzake kwa taa kutwa nzima. Nyumbani alikuwa bubu.

Asubuhi moja Apolonia alikuwa anamrudisha binti yao, Esnath, shuleni Makambako. Lori likawa linakuja polepole kutoka Mafinga, limewasha taa ya kushoto. Apolonia akaelewa kama alivyofundishwa darasani: linakata kushoto, linaingia barabara ya Igowole.

"Mama, una uhakika?" Esnath akauliza.

"Si ameonyesha taa?"

Akaingia. Lori halikukata. Taa ile ilikuwa ya walio nyuma yake, kuwaambia wapite, mbele njia nyeupe, hakuna gari linalokuja. Likaigonga kirikuu kwa nyuma, likaisukuma mpaka mtaroni, na upande uliobamizwa kwenye kalavati ulikuwa wa Esnath.

"Mama, nilikuwa nawasaidia wa nyuma," dereva wa lori alisema huku analia. Msaada gani huo, jamani!

Asukile alifika msibani na vumbi la Tunduma mwilini, na badala ya pole akasema, "Mama Esnath, ulishindwaje kujua? Kila dereva anaijua hiyo taa."

Nani alimwambia Apolonia? Ndugu walimshika mkono Asukile, wakamtoa nje.

Matanga yalipoanuliwa na watu kutawanyika, wakabaki wawili mezani, ugali unapoa.

"Baba Esnath, na wewe huwa unaiwasha pale Nyololo?"

"Siku zote."

"Na yule anayesubiri kuingia?"

Asukile akamega tonge, akalirudisha sahanini. Ilionekana wazi hajawahi kumfikiria mtu huyo.

"Utaacha?"

"Sasa, Mama Esnath, wa nyuma watajuaje kama njia nyeupe?"

Apolonia akachukua blanketi lake, akahamia chumba cha Esnath. Mpaka leo analala humo.