Nilivyomfanya Mama Asijue Kusoma

"Umeteseka vipi?"

Hilo ndilo swali lililonishinda nikiwa na miaka kumi na saba, likizo ya kiangazi kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Nikalijibu kwa uongo. Kosa ni langu, simsingizii mtu, ingawa wapumbavu walionishangilia walikuwepo.

Hapa Sweden chuo hakikuulizi habari za machozi. Kinatazama alama zako, basi. Lakini mimi Stockholm niliiona ndogo, na Husby, mtaa wetu, ndiyo kabisa! Nilitaka Marekani, na vyuo vya kule vinadai insha: jieleze, wewe ni nani, umeshinda nini.

Chama chetu cha watu wa Afrika Mashariki kilikuwa kimepata mshauri, kijana wa Kikenya aliyesoma huko. Kila Jumamosi alitukusanya watoto saba ukumbini, akatupitishia insha zetu. Yangu ya kwanza ilieleza kwa nini sipendi majibu rahisi. Niliiona ya kifalsafa sana. Yeye aliisoma akipiga miayo.

"Dada, Kiingereza chako kiko sawa," akasema. "Lakini hii haina uchungu. Hawa watu wanasoma insha mpaka macho yanawauma. Umeteseka vipi?"

Nikafikiri. Nilikuwa na chumba changu, baiskeli, kadi ya treni. Nilikuwa nakula na kubakiza.

"Sijateseka."

"Haiwezekani. Mama anafanya kazi gani?"

"Anahudumia wazee, kwenye nyumba ya wazee."

"Ebo! Si hiyo ndiyo stori sasa!"

Jamani! Mimi niliyehoji kila kitu, kuanzia mahubiri ya mchungaji hadi kwa nini Krismasi lazima iwe na pilau, hapo sikuhoji hata neno moja.

Nikaandika kwamba Mama hajui kusoma. Kwamba tangu nikiwa na miaka minane, barua za shule, za bima na za mwenye nyumba nilimsomea mimi, mtoto mdogo, nikimtafsiria neno kwa neno huku akinitazama kama mkombozi wake. Mkombozi! Nikilikumbuka neno hilo, nataka kujizaba kibao.

Habari ya barua ilikuwa kweli. Kila bahasha ilipofika, Mama alinikalisha mezani jikoni. "Haya, nisomee, mwanangu. Wanasemaje?" Nilipokosea aliniuliza tena, nikarudia. Lakini kutojua kusoma? Mama alifundisha shule ya msingi Morogoro miaka sita kabla ya kuja huku. Ukumbini hakuna aliyemwita kwa jina. Wote walimwita Mwalimu, na ndiye aliyekuwa katibu wa chama.

Sasa mwalimu wa darasa la pili, tena wa Morogoro, angenifikisha wapi? Ndivyo nilivyowaza, kwa kiburi kile kile. Mama mjinga alikuwa na faida zaidi.

Mshauri aliposoma toleo jipya alikaribia kulia. Alikuwa mgeni, hakujua Mwalimu ni mama yangu, nami sikumwambia.

Agosti akaitisha mkutano wa wazazi ili awaonyeshe kazi yetu. Akachagua insha moja ya mfano. Aliisoma kwa Kiingereza, kisha akaieleza kwa Kiswahili, asiachwe mtu. Mama alikaa mstari wa mbele, daftari la chama mapajani, akiandika kumbukumbu za kikao kama kawaida yake.

"Na sasa mwandishi asimame!" mshauri akasema, akataja jina langu.

Kalamu ya Mama ikasimama.

Mama mmoja wa Kikongo, jirani yetu, akaangua kicheko, akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Mungu wangu! Asiyejua kusoma ni Mwalimu? Si njo yeye anaandikaka karatasi yetu yote?"

Ukumbi mzima ukacheka. Walidhani ni utani. Mshauri peke yake hakucheka, alitazama viatu vyake. Mama akamalizia mstari aliokuwa akiuandika, akafunga daftari.

"Endelea, kijana," akamwambia. "Mwanangu anaandika vizuri."

Nyumbani nikajitetea kwa Kiswidi, kama nilivyozoea kumjibu. Kwamba ni mbinu tu. Kwamba kila mtu anafanya. "Na barua je? Barua si nilikusomea kweli?"

Mama aliliweka daftari la chama mezani. Kisha akanijibu kwa Kiswidi, sentensi moja safi, kwamba ananitakia kila la heri katika maombi yangu ya chuo. Kama karani anayefunga dirisha la ofisi!

Tangu siku ile hakunisemesha Kiswahili. Salamu Kiswidi, chakula Kiswidi, hata pole nilipougua. Uongozi wa chama aliuacha. Barua alizichukua mwenyewe mlangoni, akazisoma amesimama.

Mnadhani niliifuta insha? Thubutu! Ilikuwa nzuri mno.

Mwezi wa kumi ikabaki fomu moja tu, ya ridhaa, inayotaka saini ya mzazi. Niliiweka mezani na kalamu juu yake. Mama hakuigusa kalamu. Alifungua kabati, akatoa kidau cha wino cha muhuri wa chama, ambacho kilikuwa bado hakijachukuliwa. Akachovya kidole gumba. Akakikandamiza taratibu pale kwenye mstari wa saini.

"Si ndivyo tunavyotia saini sisi?" akasema. Kwa Kiswahili.

Sikuituma. Niliangalia alama ile ya buluu mpaka siku ya mwisho ikapita. Nikasoma hapa hapa, chuo ambacho hakikuniuliza lolote, na mwaka mzima ulipita kabla sijaweza kusema, "Mama, nisamehe." Akanisamehe. Lakini Kiswahili kilirudi kidogo kidogo, kama mgeni asiye na uhakika wa kukaribishwa.

Ninyi mnaotumia likizo hii kutafuta machozi ya kuwapelekea watu msiowajua, acheni! Kama hamjateseka, semeni hamjateseka. Na anayewaambia maisha ya mama yenu ni "stori", mtazameni vizuri. Kisha jitazameni zaidi, kwa sababu ninyi ndio mtakaoiandika.

Mimi kwa miaka yote nilijifariji kwamba habari ya barua, angalau, haikuwa uongo. Masika yaliyopita Mama alihamia mtaa mwingine, Hallunda, nami nikamsaidia kufungasha. Chini ya kabati nikakuta jalada lenye zile barua zote. Katikati ya mistari ya Kiswidi, kwa penseli, kulikuwa na tafsiri kamili kwa mwandiko wake, na juu tarehe mbili: aliyotafsiri, na aliyoniita mezani, siku moja au mbili baadaye. Nyuma ya kila barua kulikuwa na orodha ya maneno ya Kiswahili niliyokosea, alama ya vema, na maksi. Ya kwanza kabisa nilipata nne kwa kumi.