Shabani wa Kwenye Picha ya Kizungu

Cheka ukitaka, lakini haya yalinifika mimi mwenyewe, hapahapa Dunda, Bagamoyo, mchana, nina akili zangu timamu.

Mimi nina kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, natafsiri filamu. Nazima sauti, nashika maiki, Wazungu wanaongea Kiswahili. Na desturi yetu watafsiri unaijua: wahusika tunawapachika majina ya watu wa mtaani, wateja wafurahi. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa, nikaweka picha ya zamani ya Kiingereza, ya miaka ile vita vya dunia vimekwisha, haina rangi. Picha ya bei rahisi, wallahi, mlango ukifungwa ukuta unatikisika! Kuna jambazi mwembamba, koti refu, anawakimbia polisi kwenye ukungu wa bandarini. Nikamwita Shabani, jina la mdogo wangu, dereva bodaboda. Watu hawana mbavu.

Adhana ya alasiri ilipolia nikaisimamisha picha, watu wakaenda kuswali. Mimi nikabaki nakinga maji, bati lilikuwa linavuja. Kugeuka, kwenye runinga umebaki ukungu mtupu. Jambazi kakaa benchi la mbele, koti linachuruzika, uso na mikono rangi ya majivu. Niamini, sikuogopa. Unajua ndotoni unavyoona ajabu ukaiona sawa tu?

Akasema, tena kwa sauti yangu mimi. Angeipata wapi nyingine ya Kiswahili?

"Kaka, umenipa jina la mtu. Mimi mwishoni napigwa risasi, naangukia majini. Nimeshazoea. Na mwenye jina je?"

Nikashika simu. Shabani alikuwa kapeleka abiria Msata. Nikampigia, hapatikani.

"Basi nakuita jina jingine!"

"Hili limeshaniganda."

"Nikiizima picha?"

"Tutabaki ukunguni, mimi na mwenye jina. Imalize. Maneno si yako?"

Watu wakarudi, benchi tupu, jambazi yumo tena kwenye runinga. Nikaiachia picha. Polisi wakafyatua, jamaa akatumbukia. Nikapiga kelele kwenye maiki, "Wamemkosa! Ogelea, Shabani! Ogelea mdogo wangu, tokea ng'ambo!" Machozi yananitoka.

"Aa, mtafsiri muongo wewe! Si kafa huyo?" mteja mmoja akadakia.

"Hajafa! Nani kakwambia kafa?"

Basi pale majini mkono ukatokea, ukashika ukingo. Picha ile nilikuwa nimeshaitazama mara nyingi, na mkono huo haukuwamo.

Magharibi watu wakamleta Shabani, kalowa chapachapa. Maji ya mvua yalikuwa yamepita juu ya daraja la njia ya Msata, yakaisomba pikipiki. Akasema alinisikia namwita, akaifuata sauti.

Yu hai, alhamdulillahi. Lakini hadi leo, jua la Bagamoyo linachoma, yeye anatetemeka kwa baridi, mama anamfunika blanketi na kumsomea dua. Mara ananishika mkono, "Kaka, wale polisi wameondoka?" Namjibu wameondoka, mdogo wangu, ndipo anatulia. Inaniuma, nakwambia kweli.

Nawe unayeshika maiki, sikia: jina la mtu aliye hai usimpe mtu wa kwenye picha, hata kwa mzaha. Mimi kila siku Shabani ananiuliza, kila siku namjibu. Kusafiri siwezi tena, maana sijui itakuwaje siku atakapouliza nami sipo.