Ndama Asiyekuwepo Njiani Makole

Wiki ile usingizi ulinipaa kwa sababu ya swali moja: je, nilichokiona kilikuwa kweli, au nilikuwa nimekitunga ili nimwokoe rafiki yangu? Nikilala upande mmoja nilikuwa na hakika. Nikigeuka, hakika yote ilibaki kule nilikotoka.

Ajali yenyewe haikuwa kubwa. Siku ya gulio, kwenye njia ya Makole, mzee mmoja alimgonga kwa baiskeli mama aliyebeba kibuyu cha maziwa. Kibuyu kilipasuka na mama akateguka mkono. Mzee huyo, rafiki yangu, alikuwa Mrangi wa Kondoa, mpagazi wa misafara kabla reli haijafika Dodoma. Goti lake la kushoto lilivunjika safarini, likaunga vibaya, na tangu hapo mguu haukukunjika tena. Kutembea kwake kulikuwa taabu. Lakini juu ya baiskeli aliuacha mguu ule uning'inie, akaufunga ule mzima kwenye pedali kwa ukanda wa ngozi, akakanyaga na kuvuta kwa mguu mmoja. Hivyo ndivyo alivyopeleka vifurushi madukani kutoka stesheni, na dawa mpaka Mvumi. Hakuwa na kazi nyingine aliyoiweza.

Karani wa boma alisema barazani kwamba kosa ni la mguu. Siku ya shauri iliyofuata, bwana mkubwa wa Kidachi, Mjerumani aliyetawala boma, angetia sahihi amri: asiye na miguu miwili mizima asipande baiskeli mjini. Ya mzee ingechukuliwa.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana. Nilikuwa nimemaliza shule ya serikali huko pwani, cheti changu nakitunza ndani ya mkebe wa bati ili mchwa wasikipate, na nilipewa baiskeli ya kwenda kufundisha Msalato. Siku ya ajali nilikuwa nyuma ya mzee. Nilimsikia akigonga kengele mapema, kama boma lilivyotuamuru wote. Nilimwona pia yule mama. Hakukaa kando. Alishika kibuyu kwa mkono mmoja, akaingia katikati ya njia, na mkono wa pili akautandaza.

Kwa nini mtu mzima aingie mbele ya gurudumu? Nililiwaza jambo hilo hadi darasani, watoto wakisubiri hesabu ambayo sikuwa nimeimaliza ubaoni. Mwishowe nilimwendea mama mwenyewe kwenye tembe lake, ng'ambo ya korongo. Tulisalimiana kwa Kigogo mpaka nikaishiwa maneno, kisha nikamwuliza.

“Mwanangu, nilisikia ndama,” alisema. “Kengele ndogo vile, peke yake njiani, ni ndama aliyeachana na mama yake. Ningekaa kando apite aliwe na fisi?”

“Lakini mzee hukumwona?”

“Nilimwona. Nikasema, maskini, anamfukuza ndama wake, naye kiwete. Nikaingia nimsaidie.”

Nilicheka, nikaona haya kwa kucheka, kwa sababu mkono wake ulikuwa bado umefungwa vijiti. Naye akacheka.

Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilianza kuogopa kwamba mama amesema hivyo kwa upole tu. Basi kesho yake nikapita Makole polepole huku nikigonga kengele. Mchungaji mmoja aliniwekea fimbo mbele. Wanawake wawili walitandaza mikono, kisha wakatazama nyuma yangu kutafuta mnyama. Nilipozunguka tena sikugusa kengele, nikapaza sauti tu: “Mbukwenyi!” Wote wakaitikia salamu yao na kunipisha. Shida ilikuwa kwamba walitaka kujua na habari za nyumbani.

Nikawaendea wenye baiskeli, ambao hawakujaza hata benchi moja. Nilitaka tuombe boma pamoja: mpandaji asalimie kwa mdomo badala ya kugonga kengele, ashuke gulioni na mahali pa kunyweshea ng'ombe, na yeyote awezaye kufanya hivyo aruhusiwe kupanda, awe na mguu mmoja au miwili, mwanamume au mwanamke. Tarishi wa boma alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mwalimu,” akasema, “yaani nimwamkie kila bibi toka hapa hadi stesheni? Barua ya bwana itafika masika.”

Wengine walisema ni jambo jema, nitangulie mimi.

Mzee mwenyewe hakutaka. Nilimkuta akipaka mafuta mnyororo, nikamwamkia, nikamweleza. Kumwambia bwana kwamba amri yake ya kengele ndiyo iliyoleta ajali, alisema, ni kutafuta hamsa ishirini, vile viboko ishirini na vitano ambavyo kila mtu mjini alivijua. “Mgongo wangu umezoea mizigo,” akasema. “Wako umezoea kiti. Achana nalo, mwalimu.” Lakini mkono wake haukuuacha mnyororo. Aliupaka mafuta pete kwa pete, kama mtu anayemwandaa ng'ombe wa kuuzwa.

Niliandika barua. Mwanzoni niliandika “nadhani,” kisha “huenda,” kisha nikarudi kwenye “nadhani.” Sikuweka jina langu. Nilikusudia kuiacha kwa karani asubuhi na kwenda zangu Msalato.

Siku ya shauri nilifika mlangoni pa boma na barua mkononi. Mzee alikuwa ameketi chini pamoja na watu wa mashauri mengine, baiskeli yake imelazwa mbele yake tayari kuchukuliwa. Ule ukanda wa ngozi alikuwa ameufungua na kuuviringisha mkononi. Nadhani hakutaka wauchukue nao. Nilimpita karani. Niliisukuma baiskeli yangu mpaka mbele ya meza ya bwana pale uani, nikaiegemeza ubavuni. Bwana aliuliza nina shauri gani. Maneno yote ya barua yakanitoka kichwani.

Nikagonga kengele, mara mbili.

Uani kote watu waligeuka kutazama lango. Wazee wawili walisimama. Mmoja akatandaza mikono, fimbo ikiwa imelala kifuani. Hata askari aliyelinda, kijana wa huko huko Ugogo, alipiga hatua moja kuelekea langoni kabla hajakumbuka bunduki yake.

Bwana aliweka kalamu chini.

“Si mguu, bwana,” nikasema. “Ni kengele. Wote hawa wanamtafuta ndama.” Kisha nikachukua ile kalamu yake, kabla sijapata nafasi ya kufikiri, nikaandika jina langu chini ya barua na kuiweka mbele yake.