Karata za Kiti Kitupu

Asubuhi ile mke wa Fundi alijipigia pasi shati la kazini mwenyewe. Fundi alikuwa chumba cha mbele, kwenye cherehani, anapinda suruali ya mtu. Chai ilikuwepo, mkate ulikuwepo, umeme ulikuwepo. Mke akaja na sketi mkononi, akasema zipu inakwama. Fundi akaichukua, akaipaka sabuni ya kipande, zipu ikapita. Mke akavaa, akasimama mlangoni, akageuka kidogo ili atazamwe nyuma, akauliza kama pindo limelala. Fundi akasema limelala.

Siku hiyo alikuwa ameitwa ofisini kwa meneja. Wote wawili walijua ameitiwa nini, na usiku kucha hawakulizungumza. Fundi ndiye aliyelitoa, macho yake yakiwa kwenye sindano.

"Wakikuuliza, sema ulisahau. Nani atamlaumu bibi mwenye wajukuu kwa kusahau?"

Mke akazungusha waya wa pasi, akaiweka juu ya kabati. Akasema mlango wa nyuma usiachwe wazi, paka wa jirani anaingia. Kisha akaenda zake.

Mkewe alikuwa mgawa karata. Fundi alipomwoa alikuwa muuza nyuzi kwenye duka la vitambaa, na Fundi alikuwa haishiwi nyuzi lakini kila siku anakwenda kununua nyingine, mpaka mwenye duka akamwambia aseme shida yake au ahamie kabisa. Watoto walipokwishaanza shule ndipo kasino ilipofunguliwa mjini. Walitaka watu wa kugawa karata, wenye mikono mikavu isiyotetemeka. Mke akaenda, akapimwa mikono, akachukuliwa.

Miezi ya mwanzo alijifunzia nyumbani. Alitandika blanketi kitandani, akagawa karata kwa watu wasiokuwepo. Fundi akiwa kwenye cherehani alisikia karata zinavyopiga chumbani, na mke naye alisikia cherehani inavyokwenda. Mmoja akinyamaza, mwenzake alipaza sauti kuuliza kuna nini.

Kazi yenyewe ilikuwa na masharti kama ya bibi harusi. Kucha fupi. Pete hakuna. Akitaka kuondoka mezani ni lazima akung'ute viganja na kuvigeuza juu na chini, kamera ya darini ione hakubeba kitu. Akafanya hivyo miaka na miaka mpaka ikamwingia mwilini. Nyumbani akimaliza kula, kabla hajainuka, anakung'uta viganja na kuvigeuza. Watoto walikuwa wanaangalia dari na kusema, "Mama, kamera imekuona, nenda." Naye anacheka, kisha kesho anarudia.

Na sare zake hazikuwa na mifuko. Zikija na mifuko, sharti izibwe. Hiyo ilikuwa kazi ya Fundi. Kila sare mpya aliigeuza ndani nje, akaishona midomo ya mifuko kwa mshono wa kurudia, ule ambao ukitaka kuufumua utachana kitambaa kwanza.

Mtaani walimwita Bi Karata. Wengine kwa utani, wengine kwa kumsema. Kulikuwa na jirani mmoja mwanamke, mwenye mdomo mwepesi, ambaye kila wakikutana alimwomba ampe karata moja ya bahati akaiweke chini ya mto. Mke alimjibu, "Bahati naigawa tu, shoga. Ingekuwa naiweka, ningekuwa jirani yako?" Jirani akacheka. Lakini mtu wa mdomo mwepesi hasahau alipojibiwa.

Mambo yaliyomfikisha kwa meneja yalianza kwa mke na mume, wazee, waliokuwa wakija kasino mchana. Mume alikuwa mpole, hana makuu. Bibi yake alikuwa na miwani mizito, mguu mmoja wa miwani umefungwa uzi. Mkewe Fundi akawaita Mzee Pole na Bi Miwani. Walikaa viti viwili vya mwisho vya meza yake, kila mmoja na mkono wake wa karata, kila mmoja na dau dogo kabisa ambalo meza inalikubali. Mchezo ulikuwa wa ishirini na moja. Unapewa karata mbili, unaweza kuomba nyingine, ukivuka ishirini na moja umekwisha. Mzee Pole hakuwa mtu wa kuomba nyingine. Bi Miwani akimwambia ongeza, anasema siongezi. Bi Miwani anamwambia, "Hata posa yangu ilibidi mjomba wako akusukume." Meza nzima inacheka, Mzee Pole naye anacheka, na haongezi.

Mke alikuwa akiyaleta hayo nyumbani kama wengine wanavyoleta mkate. Hakuwa msemaji. Anavua viatu, anasema moja, basi.

Siku moja akavua viatu akasema Mzee Pole amefariki.

Zikapita siku. Kisha akavua viatu akasema Bi Miwani amerudi. Amekaa kitini pake. Ameweka dau lake mbele yake, kisha akanyoosha mkono akaweka jingine mbele ya kiti cha marehemu. Na yeye mkewe Fundi alikuwa anagawa, mkono unapita kiti kwa kiti kama ulivyozoea, ukafika kwenye kile kiti kitupu ukaweka karata. Alikuja kushtuka karata ziko mezani.

Fundi akamuuliza kwani kosa liko wapi.

Mke akamweleza kanuni. Kasino inamruhusu mtu mmoja kucheza mikono miwili kama kuna kiti kisicho na mtu. Lakini akichukua miwili, kila mkono lazima uwekewe dau mara mbili ya lile dogo. Anayetaka kukalia nafasi ya watu wawili aonyeshe ana nguvu ya kuikalia. Halafu anamaliza mkono wa kwanza mpaka mwisho, ndipo aguse wa pili. Hilo la mwisho Bi Miwani alilitimiza. Alimaliza wake, akageukia ule wa pili, akauangalia kwa muda. Mkewe Fundi akamuuliza kama anaongeza, maana mgawaji lazima aulize. Bi Miwani akasema, "Huyu haongezi. Si unamjua?"

Lakini dau halikuwa mara mbili. Lilikuwa lilelile dogo, kama wakati wako wawili. Hakuwa na uwezo wa zaidi.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamgawia tena."

Fundi alicheka siku ile. Akaona ni jambo la kuchekesha, mtu kumgawia marehemu karata. Mke naye akatabasamu, akakung'uta viganja, akainuka kwenda kuoga.

Ikawa ndiyo desturi. Bi Miwani anakuja, anaweka mawili, anagawiwa mawili. Msimamizi wa meza aliona, akageuza uso. Wachezaji wengine waliona, na aliyekuja kukaa kile kiti aliambiwa na wenzake ahamie pembeni. Ikaendelea hivyo mpaka kasino ikamleta mtu mpya kwenye chumba cha kamera. Mgeni haoni haya kushika kanuni. Akatazama picha za nyuma, akaona mgawaji mmoja, mteja mmoja, kosa moja, limerudiwa mchana baada ya mchana. Akapeleka kwa meneja. Mke akapewa siku ya kuitwa. Katika kazi hiyo ukimvunjia mteja kanuni kwa makusudi unamwaga unga, hata kama kasino haikupoteza kitu. Ndiyo maana asubuhi ile Fundi alisema vile.

Alirudi mapema. Jua lilikuwa bado kali. Fundi akasimamisha cherehani akauliza wamesemaje. Mke akasema ngoja kwanza nivue viatu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua kimoja. Akasema kichwa kinamuuma upande. Akainama kuvua cha pili, na hakuinuka sawasawa.

Hospitali walisema ni mshipa wa kichwa umepasuka. Alikuwa amekata kauli. Binti yao akaja, akakaa upande mmoja wa kitanda, Fundi akakaa upande wa pili. Mke alikuwa anawatazama, na vidole vyake vya kulia vinatembea juu ya shuka, vinasukuma kitu kuelekea kwao. Muuguzi alisema ni mishipa tu inajivuta. Kisha vidole vikaacha. Muuguzi akaja, akawaomba wasogee.

Msibani watu walijaa. Fundi aliambiwa kaa hapa akakaa, aliambiwa kunywa akanywa. Kutoka kasino lilikuja gari, dereva akashusha mkoba wa marehemu na viatu vyake vya akiba, akatoa pole, akaondoka. Alipoondoka, ndipo maneno yalipoanza. Jirani mwenye mdomo mwepesi alikuwa jikoni na wenzake. Akasema kazi ya miaka yote hiyo, halafu wenzake hawaji hata kumzika? Akasema amesikia aliitwa juu ya mambo ya kamera, na kamera haimsingizii mtu. Akasema lisemwalo lipo. Binti alikuwa nyuma ya mlango, anaosha vikombe.

Watu walipokwishatawanyika, binti akaja akasimama mbele ya cherehani.

"Baba, mama alichukua kitu kazini?"

Fundi akasema mifuko yake alikuwa anaishona yeye mwenyewe.

"Mifuko sijakuuliza, baba."

Fundi alijua mkewe si mwizi, kama anavyojua kitambaa kwa kukishika. Lakini hakujua alisema nini kule ndani. Kama alisema alisahau, basi alikuwa mzee aliyesahau, mambo yaliishia hapo, na binti angeambiwa hivyo. Kama alinyamaza, kunyamaza kwa mtu aliyeitwa kwa meneja watu wana jina lake. Kila akikanyaga cherehani, swali lilikuwa hapo. Akawa anashona pindo na kulifumua.

Ikafika siku akavaa koti, akafunga mlango wa nyuma, akaenda.

Alikuwa hajawahi kuingia kule. Ndugu wa wafanyakazi hawaruhusiwi, wasije wakasaidiana mezani. Mlinzi wa mlangoni alikuwa kijana mwenye shingo nene, akamuuliza kwa adabu, kama anavyowauliza wote, kama ana ndugu anayefanya kazi humu.

"Nilikuwa naye."

Mlinzi akauliza ni nani. Fundi akamwambia. Mlinzi akavua kofia, akaishika, akafikiri. Akasema pole sana, mzee wangu. Akafikiri tena. Akasema kanuni inakataza ndugu wa mfanyakazi, na aliyefariki si mfanyakazi tena.

"Kwa hiyo sasa unaruhusiwa. Karibu."

Ndani kulikuwa na baridi. Hakukuwa na dirisha wala saa ya ukutani. Fundi aliangalia meza, kitambaa cha kijani kimevutwa vizuri, misumari haionekani. Aliyevuta anajua kazi. Kwenye meza ya mwisho akamwona mwanamke mwenye miwani mizito iliyofungwa uzi. Alikuwa na dau moja mbele yake. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, na msichana aliyekuwa anagawa alikipita. Bi Miwani alitazama karata zake, akaomba nyingine, akavuka, akanyang'anywa dau. Akaweka jingine. Fundi hakumsemesha.

Msimamizi wa meza akamfuata. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ndogo, aliyefundishwa kugawa na marehemu. Akamwita shemeji, akamtoa mpaka kwenye ngazi za wafanyakazi. Wakakaa kwenye ngazi. Akaanza kuomba radhi kwamba hawakuja kuzika. Alisema waliambiwa wasubiri ofisi iseme, na ofisi ikanyamaza. Fundi akamwambia hakuja kwa hilo.

"Aliiba?"

Msimamizi akamtazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Dada? Aibe? Nani kasema?"

Akamwambia yote. Meneja, mtu wa kamera na yeye msimamizi walikuwa chumbani. Picha zikaonyeshwa. Hakuna aliyetaja wizi, hakukuwa na wizi wa kutaja. Na tena hakuna aliyetaka kumfukuza. Meneja mwenyewe alimtengenezea njia, akamwambia, mama, mkono umezoea, ulisahau tu, siyo? Walikuwa wameshakubaliana. Akiitikia kwa kichwa, anapewa onyo la mdomo na mchana uleule anarudi mezani. Chumba kizima kilikuwa kinasubiri kichwa chake kiiname. Haikuwa kazi kubwa.

"Hakuinamisha," Fundi akasema.

Msimamizi akasema hakuinamisha. Aliomba maji, akanywa, akasema alilosema. Meneja akamsihi afikiri vizuri. Akalisema tena, vilevile. Wakamwambia aende nyumbani angoje uamuzi, na uamuzi haukuandikwa, kwa sababu yeye alitangulia. Mpaka leo faili iko wazi. Hayumo kazini na hakufukuzwa.

Fundi akamuuliza alisema maneno gani, si maana yake, maneno yenyewe. Msimamizi akayasema. Fundi akaomba ayarudie, naye akayarudia taratibu. Fundi akashukuru, akapita tena kati ya meza, akatoka, mlinzi akamfungulia.

Nyumbani alimkuta binti anakunja nguo za mama yake, anazitenga za kugawa na za kubaki. Fundi akakaa kwenye kiti cha cherehani, bila kuvua koti. Akamwambia ametoka kasino. Akamweleza habari ya Bi Miwani, na kiti, na dau, na njia aliyotengenezewa mama yake na wakubwa wa kazi. Akamwambia pia kwamba asubuhi ile yeye mwenyewe ndiye aliyempa mama yake jibu la kusahau. Binti akaacha kukunja. Akauliza, mama alilitumia?

Fundi akamwambia kama alivyoambiwa, neno kwa neno:

"Sikusahau. Mara ya kwanza mkono ulikwenda wenyewe, zilizofuata niliupeleka mimi. Andika hivyo, usiniandikie uzee."